Mzee amerudi na mpira wa mkojo: tunautoa lini, na PSA tunapima lini?

Tabibu_Arumeru

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa magonjwa ya njia ya mkojo, hasa mlioko Moshi na Arusha mjini.

Huku vituo vya chini tunapokea wazee wengi walioziba mkojo kwa sababu ya tezi dume. Wengine tunawawekea mpira sisi wenyewe, wengine wanarudi nao kutoka mjini na karatasi yenye mstari mmoja: tezi dume, aendelee na mpira. Namba ya mpira haipo, tarehe ya kuubadilisha haipo, kiasi cha mkojo uliotoka siku ya kwanza hakipo. Ndugu wa mgonjwa wanauliza mpira unatoka lini na hakuna mwenye jibu.

Ninayotaka kujua ni haya. Mpira wa kawaida unakaa muda gani, na tuweke namba gani? Baada ya kumwanzishia mzee tamsulosin, dawa ya kulegeza misuli ya tezi, tujaribu kuutoa baada ya siku ngapi, na ni nani ambaye hatutakiwi kumjaribu kabisa? Halafu kuna hili la PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume. Mzee ana mpira wa wiki moja, anapimwa, jibu linakuja 22, familia nzima inaanza kulia saratani. Tulichukulieje jibu hilo? La mwisho, nikiandika rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC (Moshi) au Mount Meru (Arusha), niweke nini ndani ili mzee asirudishwe kuanza upya?

SistaWadi_Moshi

Tabibu, pole na kazi. Mimi nitajibu la mpira, mengine nawaachia wenyewe.

Namba iliyoandikwa kwenye mpira, ukiigawa kwa 3, unapata unene wake kwa milimita. Kwa hiyo namba 16 ina milimita 5 na kidogo. Mwanaume mtu mzima ambaye mkojo wake hauna damu anatoshwa na 14 au 16. Kama pakiti imepotea, angalia rangi ya valvu ya puto, lile linaloshikilia mpira ndani ya kibofu: kijani ni 14, chungwa ni 16, nyekundu ni 18, njano ni 20, zambarau ni 22.

Mpira ukigoma, watu wengi wanakimbilia 12 wakiamini mwembamba ndio utapenya. Kwa tezi dume ni kinyume chake. Mwembamba ni laini, ukifika kwenye tezi unajikunja na kurudi. Panda hadi 18, au tumia ule wenye ncha iliyopinda kama umefundishwa kuutumia, ncha ikitazama juu muda wote. Mwembamba una faida pale penye kovu ndani ya mrija wa mkojo. Kovu lishuku kama mpira umegoma mapema, kabla haujaingia hata nusu, kwa mtu aliyewahi kuugua kisonono, aliyewahi kuumia nyonga, au aliyewahi kuwekewa mpira kwa kulazimishwa. Huyo usimsukumie. Jaribio la pili likishindikana acha, mpeleke atobolewe kibofu kupitia tumbo la chini na aliyezoea. Na majeruhi wa bodaboda mwenye damu kwenye tundu la uume usimwekee mpira kabisa kabla mrija haujapigwa picha ya dawa.

Jeli ya lidokaini ya asilimia 2 isiwe ya kupaka tu kwenye ncha ya mpira. Ingiza mililita 10 hadi 15 ndani ya mrija taratibu, bana uume kidogo, subiri dakika 3 hadi 5. Hizo dakika ndizo watu wanazoruka, halafu mzee anakaza misuli, mpira unagoma, na lawama inakwenda kwa tezi.

Sasa puto. Ingiza mpira wote mpaka kwenye maungio ya matawi mawili, subiri mkojo utoke, ndipo ujaze. Mkojo unaweza kuonekana wakati ncha tu ndiyo imeingia kwenye kibofu na puto bado liko ndani ya tezi. Ukijaza hapo unachana mrija, damu inatoka leo na kovu linakuja miezi kadhaa baadaye. Mgonjwa akilalamika maumivu wakati unajaza, nyonya maji yote utoe, usukume mpira ndani zaidi, ujaribu tena. Jaza kiasi kilichoandikwa kwenye valvu, kwa mtu mzima kwa kawaida ni mililita 10, na utumie maji safi ya sindano. Maji ya chumvi yanaweza kuacha chembe kwenye njia ya puto, siku ya kutoa likakataa kunywea.

Ukimaliza, rudisha govi mahali pake kama hajatahiriwa. Likisahaulika nyuma linavimba na kukaba kichwa cha uume, na ndani ya saa chache una dharura nyingine mkononi.

Muda wa kukaa: mpira wa lateksi wa kawaida, ule wa rangi ya kahawia hafifu, usizidi wiki 4. Wa silikoni tupu, ule unaopitisha mwanga, unaweza kufika wiki 12. Soma pakiti, maana kuna lateksi iliyopakwa silikoni kidogo tu na watu wanaihesabu kuwa silikoni. Tarehe ya kubadilisha iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa na kwenye plasta iliyoshikilia mpira pajani.

Kuna wazee ambao mpira unaziba kabla ya wiki 4. Sababu kubwa ni bakteria wanaovunja urea, hasa Proteus. Mkojo unapoteza asidi, madini yanaganda, ndani ya mpira panajaa kitu kama chokaa. Huyo antibaiotiki peke yake haimsaidii. Angalia mpira umeziba siku ya ngapi, ubadilishe siku chache kabla ya hapo kila mara, na umpige ultrasaundi kuona kama kuna jiwe kwenye kibofu.

Na tafadhali, tuache kutibu majibu ya kijiti cha kupimia mkojo. Mtu akikaa na mpira mwezi mmoja, mkojo wake utakuwa na bakteria karibu hakika. Bila homa, bila baridi ya kutetemeka, bila maumivu ya ubavu, bila kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, usimpe antibaiotiki, unamfuga bakteria sugu ambaye atatusumbua siku ya upasuaji. Akiwa na dalili na mpira umezidi wiki 2, badilisha mpira kwanza, chukua mkojo wa kuotesha kutoka kwenye mpira mpya, ndipo uanze dawa. Mkojo wa kwenye mfuko usiupeleke maabara, umeshalala humo na vijidudu vimezaliana.

Maabara_Rau

Nakuja na la PSA, kwa sababu hilo jibu la 22 linaumiza watu bila sababu.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, iwe na saratani au isiwe nayo. Tezi ikibanwa, ikichubuliwa au ikiambukizwa, PSA inamwagika kwenye damu. Mkojo kuziba unaipandisha. Kuwekewa mpira kunaipandisha. Maambukizi ya tezi yanaweza kuifikisha mara kadhaa ya kawaida. Nusu ya PSA iliyoko kwenye damu inaondoka kwa siku 2 hadi 3 hivi, lakini tezi iliyoumizwa inaendelea kumwaga kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo subiri wiki 4 hadi 6 tangu mkojo uzibe au tangu maambukizi yatibiwe. Kama mzee amebaki na mpira kwa sababu hakuna njia nyingine, pima baada ya muda huo na uandike kwenye fomu kwamba ana mpira. Daktari atalisoma jibu kwa uangalifu wake.

Tahadhari nyingine ndogo ni mtu asitoe manii kwa saa 48 kabla ya kipimo, na damu itolewe kabla ya tezi kupimwa kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, ingawa kidole kinaongeza kidogo sana. Akiwa anameza finasteride, dawa ya kupunguza tezi, kwa miezi 6 au zaidi, jibu zidisha kwa 2, maana dawa hiyo inaishusha PSA karibu nusu. Hili linasahaulika mno. Mzee ana 3.5, anaambiwa yuko salama, kumbe ukizidisha ni 7.

Kuna vipimo vya haraka vya kijiti vinavyoonyesha mstari tu, kwamba imezidi 4 au haijazidi. Havifai kufuatilia. Mgonjwa wa kufuatiliwa anahitaji namba, na apimwe maabara ileile kila mara, kwa sababu mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu ileile. Ukiagiza na PSA huru, yaani ile isiyoshikamana na protini nyingine kwenye damu, damu izungushwe na seramu itenganishwe ndani ya saa chache, kisha ikae kwenye baridi. PSA huru inaharibika upesi kuliko PSA yote, na sampuli iliyozunguka nusu siku kwenye joto itakupa uwiano wa uongo, unaofanana na wa saratani.

Kiwango cha 4 chenyewe msikishike kama ukuta. Viwango vya umri vinavyotumika sana ni 3.5 kwa miaka 50 hadi 59, 4.5 kwa 60 hadi 69 na 6.5 kwa 70 hadi 79. Na gawanya PSA kwa ukubwa wa tezi: PSA ya 6 kwenye tezi ya mililita 60 ni 0.1, kwenye tezi ya mililita 30 ni 0.2. Ikizidi 0.15 wasiwasi unaongezeka. Ndiyo maana ultrasaundi iliyoandika tu kwamba tezi imekuwa kubwa, bila vipimo, haina msaada.

Tabibu_Arumeru

Shukrani sana sista, shukrani mkuu wa maabara. Hilo la finasteride nalibandika ukutani. Sista, swali la nyongeza: puto likikataa kunywea tufanyeje? Ushauri unaozunguka ni kulijaza mpaka lipasuke, au kukata mpira.

SistaWadi_Moshi

Usilipasue. Vipande vya puto vinabaki kwenye kibofu na kila kipande kinakuwa mbegu ya jiwe.

Kwanza chomeka bomba la sindano tupu kwenye valvu uliache, usivute. Ukivuta kwa nguvu kuta za njia ya puto zinanyonyana na kujifunga. Likiachwa dakika kadhaa maji mara nyingi hurudi yenyewe. Halijarudi, ingiza mililita 1 au 2 za maji safi kuzibua, kisha achia. Bado? Badilisha bomba la sindano, kisha kata lile tawi la puto tu, chini ya valvu, maana mara nyingine valvu ndiyo mbovu. Mpira wenyewe usiukate karibu na uume: ukivutika kuingia ndani umegeuza tatizo la dakika tano kuwa la chumba cha upasuaji. Yakishindikana hayo yote, funika vizuri, mpe rufaa. Huko wanapitisha waya mwembamba kwenye njia ya puto au wanalitoboa kwa sindano wakiongozwa na ultrasaundi.

Mpasuaji_Kibosho

Tabibu, swali lako la lini na nani ndilo zito kuliko yote, na jibu lake linaanza dakika 15 za kwanza baada ya kuweka mpira. Pima mkojo uliotoka, uandike. Hiyo namba moja ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata.

Mzee aliyeziba ghafla, kwa maumivu makali, ukatoka chini ya lita 1, na kreatinini yake, kipimo cha damu cha figo, ni ya kawaida, huyo ana nafasi nzuri. Mpe tamsulosin 0.4 mg kila siku, mtibu choo kigumu, jaribu kutoa mpira baada ya siku 3 hadi 7. Dawa za kundi hili zinasaidia kweli. Katika jaribio kubwa la alfuzosin 10 mg, wanaume 62 hivi kati ya 100 walikojoa baada ya mpira kutolewa, wakati waliopewa kidonge kitupu walikuwa 48. Maana yake ni kwamba hata kwa dawa, zaidi ya theluthi moja watashindwa, na familia ijue hilo kabla ya siku yenyewe.

Mpira utoke asubuhi na mapema, kituoni. Usimwambie autolee nyumbani jioni, atakuja kugonga mlango saa nane usiku. Anywe kama kawaida, glasi moja kila saa. Kumnywesha lita 2 kwa mkupuo kunakijaza kibofu kilichochoka na kukivuta tena. Kila akikojoa apime kwenye jagi. Baada ya kukojoa mara 2 au 3, angalia kwa ultrasaundi mkojo uliobaki. Akitoa zaidi ya mililita 150 kila mara na kubakiza chini ya 200, mwache aende na dawa, arudi baada ya wiki 1. Akibakiza zaidi ya 300, au saa 4 hadi 6 zimepita na hajakojoa huku tumbo la chini limejaa, mrudishie mpira. Kati ya hapo mwangalie siku nzima kabla hujaamua. Unaweza kumjaribu tena mara moja baada ya wiki 1 au 2. Akishindwa mara ya pili, ni wa upasuaji.

Sasa asiyetakiwa kujaribiwa. Huyu hana maumivu. Tumbo la chini limejaa, analowesha kitanda usiku, anachoka, anakosa hamu ya kula, ukiweka mpira inatoka lita 1.5 au 2. Kreatinini iko juu na ultrasaundi inaonyesha figo zote mbili zimetanuka. Kibofu chake kimekuwa na presha kubwa kwa muda mrefu na presha hiyo imerudi mpaka kwenye figo. Ukimtoa mpira anaweza kukojoa kidogo, mkafurahi, na figo zikaendelea kufa kimya kimya. Mpira wake unabaki mpaka siku ya upasuaji.

Huyo huyo, saa za kwanza baada ya kuwekewa mpira, anaweza kumwaga mkojo mwingi kupita kiasi. Ukizidi mililita 200 kwa saa, kwa saa 2 mfululizo, au lita 3 kwa siku, anahitaji kulazwa penye kipimo cha sodiamu na potasiamu. Kama anaweza kunywa, anywe akisikia kiu. Kama ni dripu, rudisha kama nusu ya anachopoteza. Ukirudisha chote, figo zitaendelea kumwaga hicho hicho unachompa. Na ile desturi ya kufunga mpira kila baada ya mililita 500 ili kibofu kisishtuke haina faida iliyothibitika. Acha utoke wote. Damu kidogo ikionekana mwishoni ni ya kawaida na huisha yenyewe.

Yupo mwingine ambaye namwomba kila anayesoma hapa asimkose: mzee aliyeziba mkojo huku mgongo unamuuma na miguu inaishiwa nguvu au inakufa ganzi. Huyo ni uti wa mgongo kubanwa, na kwa umri huo saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa ndiyo ya kwanza kufikiria. Anaondoka siku hiyohiyo. Akilala nyumbani wiki moja akisubiri kliniki hatatembea tena.

Kuhusu saratani, mambo yamebadilika sana miaka hii. Zamani PSA ikipanda mtu alikwenda moja kwa moja kuchomwa sindano 10 au 12 za kuchukua nyama kupitia njia ya haja kubwa, bila kujua pa kulenga. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2017, wa wanaume 576, ulionyesha kwamba MRI, picha ya mashine ya sumaku, iliona saratani za hatari 93 kati ya 100, na zile sindano za kubahatisha ziliona 48. Mwaka 2018 ukaja mwingine wa wanaume 500. Waliotangulia MRI na kuchomwa palipoonekana tatizo tu, 38 kati ya 100 walikutwa na saratani ya maana. Waliochomwa kwa mtindo wa zamani walikuwa 26. Na robo na zaidi ya waliopigwa MRI hawakuhitaji kuchomwa kabisa. Badiliko la pili ni kuchoma kupitia ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Sindano haipiti kwenye kinyesi, kwa hiyo sumu ya bakteria kwenye damu inapungua mno. Mgonjwa anayeweza kupata MRI aipate kabla ya kuchomwa, kwa sababu damu inayobaki kwenye tezi baada ya sindano inachafua picha kwa wiki kadhaa.

Asiyeweza kupata MRI asiachwe. Kidole bado kina kazi yake. Tezi ngumu kama jiwe, yenye vinundu, na PSA ya 100, haihitaji kusubiri picha ya gharama. Na wanaume wa asili ya Kiafrika wako kwenye hatari kubwa zaidi, ndiyo maana wataalamu wanashauri mazungumzo ya PSA yaanze miaka 45 badala ya 50.

Upasuaji kwa kifupi. Tezi ya kati, kama mililita 30 hadi 80, inakwanguliwa kupitia njia ya mkojo, ile tunayoita TURP. Mashine za zamani zinatumia maji ya glaisini ya asilimia 1.5, yanaingia kwenye damu na kushusha sodiamu: mgonjwa anahangaika, anatapika, macho yanaona ukungu, anaweza kupata degedege. Ndiyo sababu ya kutozidisha dakika 60 za kukwangua. Mashine za umeme wa ncha mbili zinatumia maji ya chumvi ya kawaida na tatizo hilo la sodiamu linaondoka. Tezi iliyozidi mililita 80 inatolewa kwa leza ya holmiamu pale ambapo leza hiyo inapatikana, au kwa kufungua tumbo la chini. Kufungua si aibu wala si upasuaji wa kizamani wa kudharauliwa. Mkononi mwa aliyeuzoea ni tiba nzuri inayodumu. Mwambieni mzee mapema kwamba baada ya upasuaji manii kwa wengi hurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Haidhuru, lakini asiyeambiwa anadhani ameharibiwa. Na siku ya 10 hadi 14 gaga la kidonda linabanduka, damu inaweza kurudi, hivyo kwa wiki 4 hadi 6 asibebe mkungu wa ndizi, asipande pikipiki kwenye njia ya mawe, asijikamue chooni.

Mfamasia_Sakina

Naongeza ya dawa tu. Tamsulosin inamezwa nzima, nusu saa baada ya mlo uleule kila siku. Kapsuli ikifunguliwa au kutafunwa dawa yote inaingia kwa pamoja na presha inashuka. Siku za kwanza mzee asinyanyuke kitandani ghafla usiku. Kama anatumia sildenafil, dawa ya nguvu za kiume, aseme, presha inaweza kushuka zaidi. Na kama ana mtoto wa jicho anayesubiri kutolewa, amwambie daktari wa macho kwamba anatumia, au aliwahi kutumia, tamsulosin: mboni inalegea katikati ya upasuaji, na kuacha dawa siku chache kabla hakusaidii. Daktari akijua mapema anajiandaa.

Finasteride 5 mg ni ya tezi kubwa, kuanzia mililita 30 hadi 40 kwenda juu, na inahitaji miezi 6 kabla ya kuhukumiwa. Wengi wanaacha mwezi wa pili wakisema haifanyi kazi. Inaweza kupunguza hamu ya tendo na kuvimbisha matiti, mgonjwa aambiwe. Vidonge vilivyovunjika visishikwe na mama mjamzito.

Kabla ya kulaumu tezi, angalia mfuko wa dawa wa mzee. Dawa za mafua zenye klofeniramini au sudoefedrini, amitriptilini ya maumivu ya neva, hiosini ya tumbo, kodeini: zote zinaweza kumzibisha mtu aliyekuwa anakojoa kwa shida. Ukijumlisha mbege ya jioni na safari ndefu ya basi bila kushuka, umepata sababu kamili. Mara nyingine kuondoa dawa moja kunatosha mpira ukatoka na usirudi.

Dawa za asili za tezi siwezi kuzithibitisha. Ule mmea unaosifika zaidi duniani, saw palmetto, ulipimwa vizuri Marekani mara mbili, 2006 na 2011, hata kwa dozi iliyopandishwa mara tatu, haukuizidi dawa bandia. Anayesisitiza kuendelea apime kreatinini, na asiache dawa za hospitali.

Tabibu_Arumeru

Wakuu nimeelewa, mbarikiwe. Limebaki la rufaa na safari.

Mpasuaji_Kibosho

Kwenye rufaa weka tarehe mkojo ulipoziba, maumivu yalikuwepo au la, mililita zilizotoka, namba na aina ya mpira na tarehe ulipowekwa, kreatinini pamoja na tarehe yake, matokeo ya kidole, na vipimo vitatu vya tezi kwa sentimita. Ukizidisha vitatu hivyo kisha mara 0.52 unapata ukubwa: 5.2 × 5.0 × 4.5 × 0.52 ni kama mililita 61. Andika umemjaribu kumtoa mpira mara ngapi na alibakiza kiasi gani. Dawa zote, hasa za kuzuia damu kuganda: aspirini, klopidogreli na wafarini. Usizisimamishe mwenyewe kwa mtu mwenye moyo, andika tu, sisi tutazungumza na daktari wake. Sukari pia, kwa sababu kisukari cha miaka mingi kinaua neva za kibofu, na mzee wa hivyo anaweza kufanyiwa upasuaji mzuri na bado asikojoe. Aje na picha zenyewe pamoja na maelezo yake, na kadi ya bima.

SistaWadi_Moshi

Safari ya Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, lakini kwa foleni na vituo mzee anakaa sana kwenye kiti. Mfungie mfuko mdogo wa mguuni, amwage mkojo uliomo kabla ya kupanda, na tena akifika Boma Ng'ombe kama umejaa theluthi mbili. Mpira ushikiliwe pajani kwa plasta, ukiwa na ulegevu kidogo, usining'inie kwa uzito wa mfuko. Asiufunge mpira kwa klipu ili asisumbuke njiani, na mfuko usipakatwe mapajani wala kuwekwa juu ya begi, lazima ubaki chini ya kibofu, bila kugusa sakafu ya gari. Mpe na mfuko mmoja wa akiba na bomba la sindano la mililita 10 kwenye bahasha ya rufaa.